Mpaka wa baharini kati ya Mtwara na Msumbiji unaanzia wapi hasa?

Mchoraji_Mtwara: Wakuu, naandaa ramani ya ukutani ya mwambao, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma. Nchi kavu nafuata mto, sawa. Baharini je, nitoe mstari mdomoni niunyooshe mashariki? Halafu kuna ramani ya zamani inayoweka mpaka kusini ya mto. Ipi ni sahihi?

Rasi_Msimbati: Usianzie mdomoni, mkuu. Mpaka wa baharini unatokana na makubaliano ya Desemba 1988 kati ya nchi hizi mbili. Unganisha Ras Mwambo upande wetu na Cabo Suafo upande wa Msumbiji kwa mstari ulionyooka, kisha tafuta katikati yake. Maji yaliyo ndani ya mstari huo yamegawanywa nusu kwa nusu. Kutoka hiyo nukta ya katikati, mpaka unapanda kaskazini-mashariki, si mashariki, ukipita bahari ya kitaifa ya maili 12 na kuendelea mbele. Ukifika kama latitudo 10°05′ Kusini, yaani mbali kaskazini kuliko Msimbati, ndipo unageuka mashariki moja kwa moja. Ukiunyoosha tangu mwanzo utakuwa umeipa Tanzania bahari ya Msumbiji, na ramani ya ukutani watoto wanaiamini kuliko kitabu.

Maili hizo ni za baharini, mita 1,852 kila moja. Kwa hiyo 12 ni kilomita 22.2. Ukipiga kwa maili za nchi kavu unapata 19.3, pungufu karibu kilomita 3.

Lukuledi: Hiyo ya zamani itakuwa ya enzi za Wajerumani. Walikalia Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, mwaka 1894. Wareno wakaichukua 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Leo iko katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Angalia pia mwaka wa ramani yako ya mikoa: kabla ya 1971, Lindi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara.

Mpima37: Jambo moja linaloharibu kazi kimyakimya. Ramani zetu za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, GPS inasoma WGS84; hiyo ni misingi miwili tofauti ya kupimia latitudo na longitudo. Ukizichanganya bila kubadilisha, vitu vinahama kama mita 300, sawa na milimita 6 kwenye karatasi: mikoko inajikuta baharini. Kwenye programu itambulishe karatasi kuwa Arc 1960, UTM (gridi ya ramani ya mita) kanda 37 Kusini, ndipo uibadilishe iwe WGS84. Hakiki kwa makutano ya barabara mjini. Usitumie mafungu ya mchanga ya mdomo wa Ruvuma, maana mafuriko ya masika huyahamisha.