Midomo ya mito ya Ziwa Victoria inachujwa kwa vyandarua, halafu anayesumbuliwa ni mwenye ndoano!

Wakuu, salaam.

Naomba huu uzi usihamishiwe jukwaa la burudani eti kwa sababu nimetaja kuvua kwa ndoano. Hili ni suala la ziwa, linamhusu kila anayekula samaki kuanzia Mwanza mpaka huko Dar wanakosubiri sangara wa kwenye barafu. Ni mrefu, mnivumilie. Nina hasira.

Mimi na rafiki yangu tumerudi Mwanza juzi. Tulichukua gari lake, hema, sufuria na fimbo zetu za kuvulia, tukashika barabara ya Musoma: Magu, Lamadi, Bunda, Musoma mjini, mpaka Daraja la Kirumi pale Mto Mara. Hatukwenda kutafuta kitoweo. Sangara na sato tumeshawavua sana, hawana jipya kwetu. Tulikuwa tunawasaka samaki ambao hatujawahi kuwashika: ningu, ngege, hongwe, nembe, domodomo, na furu, wale samaki wadogo wenye aina mamia, wa aina yoyote atakayejitokeza. Ukimpata unampima, unampiga picha, unamrudisha kwenye maji. Mwenzangu ana daftari, kila samaki mpya anaandikwa jina, mahali, hali ya maji na chambo alichokula. Ana miaka anaijaza ile orodha, na ukimsikia anavyowaongelea hao samaki utadhani ni ndugu zake.

Kwenye mawe ya nje kidogo ya Musoma mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi kabla upepo haujaamka, ndoano ndogo kabisa na kipande cha nyungunyungu, tukapata furu wa rangi ambazo sikuwahi kuziona kwenye beseni la sokoni. Tukapata na gogogo. Kwa wasiomjua: ana mwiba mmoja mgongoni na miwili ubavuni, akiisimamisha inajifunga, huilazi hata ukiikandamiza kwa kidole gumba, inabidi usubiri aitulize mwenyewe. Na muda wote huo anakoroma mkononi mwako, unausikia mtetemo mpaka kwenye kiganja. Jioni moja kwenye maji ya tope domodomo akashika ndoano, yule mwenye mdomo mrefu, anayetoa umeme hafifu wa kumwongoza gizani. Mwenzangu alikaa naye kwenye ndoo dakika chache akimtazama kwa tochi, kisha akamwachia. Kama safari ingeishia hapo nisingefungua uzi.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Masika yalikuwa yamekolea na mito imejaa, maji mekundu yanaingia ziwani. Anayejua ningu anajua huo ndio wakati wake. Ningu anaishi ziwani, lakini mvua zikishika anapanda mto kwenda kutaga. Ndiyo maana tuliusogelea mdomo wa mto mmoja, nisiutaje maana sitaki wenyeji walionikaribisha wapate matatizo. Tulipofika tukakuta mto umefungwa. Vyandarua vya mbu, vile vinavyogawiwa bure kuzuia malaria, vimeshonwa kimoja kwa kingine na kukatishwa kutoka matete ya upande huu mpaka matete ya upande ule. Hakuna kinachopita. Mbele kidogo ufukweni watu wanavuta kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa kwa kamba mpaka mchangani, na kwenye kamba kuna watoto wamevaa sare za shule ya msingi, saa ambayo walitakiwa kuwa darasani.

Kokoro lilipofika mchangani nikasogea nione. Vitoto vya sato vya urefu wa kidole. Vitoto vya sangara ambavyo hata macho hayajakomaa. Rundo la furu. Furu mmoja jike alikuwa bado anapumua, koo limevimba. Furu wengi wa ziwa hili jike huatamia mayai mdomoni, na vitoto vikishaanguliwa huendelea kuvificha humo mpaka viweze kujitegemea. Yule akafungua mdomo na vitoto vikamwagika kwenye mchanga, kama punje za mtama, vinarukaruka. Mtu akakanyaga pale akipita na beseni. Wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa na haraka tu.

Ningu naye tulimwona hapohapo. Kwenye beseni. Walitolewa kwenye vile vyandarua, matumbo yamejaa mayai, ukimgusa kidogo mayai yanatoka. Samaki tuliyemfuata njia nzima tulimkuta amekufa akiwa anakwenda kutaga. Mwenzangu hakuandika kitu kwenye daftari. Alirudi kwenye gari akafunga mlango.

Kulikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Marahaba mwanangu. Mvua kama hii zamani ningu walikuwa wanapanda mpaka akina mama wanawachota kwa vikapu huko juu kwenye vijito. Siku hizi akipatikana mmoja watu wanaitana kuja kumwangalia." Nikamuuliza nyavu ni za nani. Akaniambia mwenye kokoro haishi pale, ni tajiri wa mjini, hawa wanaovuta wanagawana kinachobaki baada ya fungu la tajiri na mafuta. Watu wenye njaa wametumwa kazi chafu na mtu asiyelowesha hata soksi.

Tukaamua kusogea mbali na mdomo wa mto, tukarusha ndoano zetu kwenye mawe. Haikupita muda afisa akafika na pikipiki. Akapita kando ya kokoro, akapita kando ya vyandarua, akaja moja kwa moja kwetu. Leseni? Tunazo, tulikata kabla ya kuondoka. Akazisoma, akazigeuza, akasema zana zetu "hazitambuliki kwenye mwalo huu" na tunatakiwa kulipa faini. Nikamwambia sawa kiongozi, toa namba ya malipo ya serikali tulipe kwa simu sasa hivi na risiti tupate. Hana. Anataka mkononi. Nikamwonyesha kwa kidole kokoro lililokuwa linakung'utwa kule nyuma yake, nikamuuliza na lile je? Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Wale ni wananchi, wanatafuta riziki."

Wakuu, nilishindwa kuongea. Tulipomwambia basi twende wote kituoni akatuandikie huko, akabadilika, akatuamuru tuondoke na tusipige picha. Tukafungasha. Ndoano moja, samaki mmoja, tena anayerudishwa majini, ndiyo uharibifu. Chandarua kilichoziba mto mzima ni riziki!

Sasa wapo watakaokuja kusema samaki wapo tangu enzi za mababu, hawaishi. Wanaisha. Ziwa hili limeshatuonyesha zaidi ya mara moja.

Nyavu za kutega za kiwandani ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, upande wa Kenya. Samaki mkuu wa ziwa enzi hizo alikuwa ngege, sio sato; sato aliletwa baadaye, kwenye miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1920 nyavu zilikuwa zinatoka na ngege wachache mno kuliko mwanzo, mpaka ukafanyika uchunguzi wa ziwa zima. Mtaalamu aliyeuongoza, Michael Graham, alipendekeza jicho la wavu lisipungue inchi 5, na kwenye ripoti yake ya 1929 akaonya kwamba kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine ni hatari kubwa. Sharti la inchi 5 liliwekwa kisha likaachwa, na onyo lake halikusikilizwa. Macho ya nyavu yakazidi kupungua, na sangara, huyohuyo mla wenzake, akamwagwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Matokeo tunayajua. Furu walikuwa zaidi ya aina 500, na wataalamu wanakadiria karibu aina 200 zimetoweka. Aina 200 za samaki ambazo haziko popote pengine duniani, kwenye kizazi cha baba zetu! Ngege leo unamsikia zaidi kwenye vijiziwa vya pembeni kuliko ziwani kwenyewe.

Lakini ningu hakumalizwa na sangara. Hilo watu hawalijui na ndilo linaloniuma zaidi. Uvuvi wa ningu ulianguka kabla sangara hajashika kasi, na sababu ilikuwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati anapanda kutaga. Mahali palepale, msimu uleule. Wachache waliobaki ndio hao tunawachuja kwa chandarua mwaka huu. Ningu na ngege wote wawili IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamewaweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, ngazi ya mwisho kabla ya kusema hayupo tena porini.

Na msiniambie hakuna sheria. Ipo Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, zipo Kanuni za 2009. Kokoro ni marufuku, chandarua ni marufuku, nyavu za makila ni marufuku. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, sato chini ya 25 haruhusiwi. Mwaka 2018 kwenye Operesheni Sangara, ile ya kupambana na uvuvi haramu, nyavu zilichomwa moto mialo mingi, na hasira za wavuvi wa kipindi kile mnazikumbuka. Mwaka huohuo maafisa waliingia na rula mpaka mgahawa wa Bunge Dodoma wakapima samaki waliokwishapikwa. Kwa hiyo rula ipo na nguvu ipo. Mbona haifiki kwenye mdomo wa mto mwezi wa nne? Samaki wa kwenye sahani ameshakufa, hata ukimpima mara kumi hatagi.

Kuna wanaosema vizimba vya kufugia samaki ziwani vitatuokoa. Naviunga mkono kabisa. Januari 2024 wavuvi walikabidhiwa boti na vizimba hapahapa Mwanza, ni jambo jema na wapo waliofaidika. Ila kizimba kinafuga sato. Hakuna kizimba kitakachokurudishia furu wa mawe ya Musoma wala ningu wa Mto Mara. Huo Mto Mara wenyewe Machi 2022 maji yaligeuka meusi samaki wakafa wengi, kamati ikaundwa, tukaambiwa ni vinyesi na mikojo ya mifugo. Mto ambao umeshapigwa hivyo, bado tunauzibia mdomo?

Na suala la "watu watakula nini" nalichukulia kwa uzito, mimi nimekulia kwenye nyumba iliyolishwa na dagaa. Lakini hebu hesabu pamoja nami. Ningu jike mwenye mayai anauzwa leo kwa bei ya mboga ya jioni moja. Akiachwa apande, atage, ashuke, yule mama mwenye beseni ana samaki mwakani na mwanawe ana samaki baadaye. Anayemnyang'anya chakula ni nani, mimi ninayesema mto ufunguliwe au tajiri anayempa kokoro? Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, ili samaki wazaliane. Watu walilalamika, ugumu ulikuwepo, lakini lilifungwa. Mimi siombi hata Ziwa Victoria lifungwe. Naomba midomo ya mito tu, wakati wa mvua tu: Simiyu, Mbalageti, Grumeti, Mara, Mori, na ile ya upande wa Kagera. Ziwa lote lililobaki watu wavue kwa nyavu halali.

Tena BMU, vile vikundi vya wananchi vya kulinda uvuvi mwaloni, wapewe mafuta ya doria na walindwe, maana anayemripoti tajiri kijijini anachomewa mtumbwi usiku. Na mkamateni mwenye kokoro, sio mvutaji. Kokoro ni zana ya gharama, lina mmiliki, na kila mtu pale mwaloni anamjua kwa jina.

Nawaomba walioko Magu, Bunda, Rorya, Muleba na Sengerema waandike hapa chini hali ya mito yao msimu huu: imezibwa au iko wazi? Wenzetu wa Kisumu na Homa Bay pia, ziwa ni moja. Kama una picha weka, ficha sura za watu hasa watoto. Na kama kuna mtu wa sekta ya uvuvi anayepita humu kimyakimya, ajibu swali moja tu kabla mvua hazijakatika: ni nani anatakiwa kwenda kukitoa kile chandarua, na anakwenda lini?