Baiskeli Mtaani: tunafunga daftari la mwaka

Jumatatu, 29 Desemba

19:02 Baba Zuhura: Habari za jioni wote. Keshokutwa nafunga daftari. Kila mtu alete vitu vitatu: jumla ya kilomita za mwaka, idadi ya siku alizopanda, na safari yake ndefu kuliko zote. Anayeleta kilomita bila siku simwandiki.

19:04 Dulla: 3,112 💪 lengo lilikuwa 3,000. Siku 171. Ndefu 128, Bagamoyo kwenda na kurudi.

19:05 Da Neema: Hongera mdogo wangu. Mimi 1,940, siku 96, ndefu 61.

19:06 Mama Nasra: Dulla, hizo 3,112 zimetoka kwenye simu au mita ya gurudumu?

19:06 Dulla: Mita, mama. Ile ya sumaku kwenye spoki.

19:07 Mama Nasra: Uliiwekea mzingo gani?

19:09 Dulla: Nimeangalia sasa hivi, imeandikwa 2136. Ndivyo ilivyokuja

19:09 Fundi Side: Lahaula

19:10 Fundi Side: 2136 ni ya gurudumu la 700 lenye tairi la upana wa milimita 28. Wewe una la inchi 26 lenye tairi la upana wa inchi 2.0, hiyo inacheza kwenye 2055

19:12 Mama Nasra: Mita haijui kilomita ni nini. Inahesabu sumaku imepita mara ngapi, halafu inazidisha kwa milimita ulizoipa. Kila mzunguko imekuwa ikikuongezea sentimita 8 ambazo hukwenda. Kilomita moja kwa tairi lako ni mizunguko 487 hivi, kwa hiyo karibu mita 40 za bure kila kilomita.

19:12 Dulla: 😳 sasa?

19:15 Mama Nasra: Usichukue hiyo 2055 ya kwenye jedwali, pima mwenyewe. Jaza upepo ule unaopandia siku zote. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyonyooka, valvu iwe chini kabisa, piga mstari wa chaki hapo. Kaa juu yake, maana tairi likibebeshwa uzito linabonyea na mzingo unapungua. Mtu akushike, usonge mbele taratibu bila kuyumba hadi valvu irudi chini mara ya tatu. Chaki nyingine. Pima katikati ya mistari, gawa kwa 3. Pima gurudumu lile lenye sumaku, siyo jingine.

19:16 Dulla: Namwita mdogo wangu anishike. Nakuja

19:18 Mzee Kombo: Na sisi wa simu tuko salama?

19:18 Da Neema: Shikamoo mzee

19:19 Mzee Kombo: Marahaba mwanangu.

19:21 Mama Nasra: Shikamoo mzee. Simu nayo ina yake. Simu ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri, programu inalala njiani, na ikiamka inaunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu. Kona zote umenyang'anywa. Fungua ramani ya safari: ukiona mstari umekata juu ya mapaa ya nyumba, ndiyo hiyo. Kwenye mipangilio ya simu, iruhusu hiyo programu itumie betri bila kizuizi.

19:22 Mzee Kombo: Ahsante. Yangu inakata baharini kabisa.

19:22 Fundi Side: 😂😂 mzee anapanda ngalawa

19:26 Baba Zuhura: Tukimsubiri Dulla, niseme la daftari. Waliokosa lengo karibu wote wamekosea hesabu Januari, siyo miguu. 3,000 ukigawa kwa 12 unapata 250 kwa mwezi, inaonekana rahisi. Lakini masika hayajui ratiba yako. Aprili na Mei zihesabu sifuri tangu mwanzo: 3,000 kwa miezi 10 ni 300 kwa mwezi, yaani 70 kwa wiki. Ukipata chochote kwenye mvua ni nyongeza.

19:28 Baba Zuhura: Anayekwenda kazini kwa baiskeli hahitaji hata Jumapili. Kilomita 7 kwenda, 7 kurudi, siku 5, ni 70 hizo hizo. Wiki 44 ni 3,080.

19:29 Da Neema: Mimi nilikuwa nikikosa wiki nailipa wiki inayofuata. Badala ya 35 nafanya 70. Ndipo goti likaanza

19:31 Baba Zuhura: Deni la wiki halilipwi kwa mkupuo, dada. Ukikosa 35, zigawe: 5 kila wiki kwa wiki 7. Mapafu yanazoea upesi, kano za goti zinachelewa.

19:32 Fundi Side: Da Neema goti linauma mbele au nyuma?

19:32 Da Neema: Mbele, chini ya kifuniko. Linaanza kilomita ya 40 hivi

19:35 Fundi Side: Kiti kiko chini. Goti likiuma nyuma ni kinyume chake, kiti kiko juu. Fanya hivi: kaa, egemea ukuta, weka KISIGINO kwenye pedali, pedali iwe chini kabisa. Mguu unyooke kabisa bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kawaida kwa mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo, ndiyo inavyotakiwa. Pandisha milimita 5, panda wiki nzima, ndipo uongeze. Na angalia alama kwenye bomba la kiti, ikitokeza nje umezidisha, fremu itapasuka pale

19:36 Fundi Side: Na acha kusukuma gia nzito. Pedali zizunguke 80 mpaka 90 kwa dakika. Hesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, ukipata 20 upo sawa

19:37 Da Neema: Nitajaribu kesho. Ahsante fundi

19:40 Mzee Kombo: Mwaka huu pancha zimewapotezea watu safari kuliko mvua. Na wengi wanaziba wasijue imeingia wapi. Kabla hujavua tyubu, tia alama kwenye tairi mkabala na valvu. Ukishatoa, jaza upepo, tafuta tundu, halafu rudisha tyubu juu ya tairi, valvu kwa alama. Tundu litakuonyesha mahali pa kutazama.

19:43 Mzee Kombo: Tundu la upande wa nje, wa barabarani: mwiba, msumari, au uzi wa waya wa matairi ya malori yaliyopasuka. Huo uzi ni mwembamba kama unywele, macho hayauoni. Pitisha pamba ndani ya tairi, itanasa. Tundu la upande wa ndani, wa rimu: kichwa cha spoki kimetokeza au mkanda wa rimu umehama. Ziba utakavyo, bila kurekebisha mkanda utarudi kesho. Matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka: upepo ulikuwa mdogo, umegonga tuta.

19:44 Fundi Side: Na tundu shinani kwa valvu halizibiki. Tyubu mpya tu

19:45 Da Neema: Mimi viraka vinabanduka vyenyewe baada ya siku mbili

19:47 Mzee Kombo: Haraka hiyo. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao uondoke na ule mstari wa kiwandani ulale. Solusheni nyembamba, ipite ukubwa wa kiraka. Sasa subiri dakika 5, ikauke, isinate sana kidoleni. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, basi inakuwa kama umebandika kwenye uji. Bana kwa nguvu toka katikati kwenda pembeni.

19:48 Baba Zuhura: Upepo je? Mnaweka ngapi?

19:50 Fundi Side: Tairi la 2.0 paundi 35 hadi 45, mtu wa kilo 70 anza na 40, nyuma ongeza 3. La 28 ni 75 hadi 85. Kubonyeza kwa kidole siyo kipimo, tairi la paundi 30 na la paundi 60 kidole kinaona yote magumu. Nunueni bomba lenye geji

19:53 Fundi Side: Halafu kabla ya mwaka mpya wote pimeni mnyororo. Rula ya inchi. Sifuri katikati ya pini ya kwanza, angalia pini ya 25. Mpya inakaa inchi 12 kamili. Ikizidi moja ya 16 ya inchi, milimita 1.5 hivi, badilisha mnyororo peke yake. Ikifika moja ya 8, milimita 3, friwili nayo imeshaliwa, ukivisha mnyororo mpya utaruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Mtaniletea mkisema mnyororo feki

19:54 Da Neema: Oili chafu ya gari inafaa? Kuna fundi ananipaka hiyo

19:56 Fundi Side: Hapana. Ile ina unga wa chuma ndani, ni sawa na kupaka msasa. Futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, kisha oili safi tone moja kila kiungo, zungusha pedali nyuma dakika moja, halafu FUTA nje yote. Oili inafanya kazi ndani ya kiungo. Ya nje inakamata mchanga tu. Mnaopita ufukweni mwageni maji baridi kwanza, chumvi haisubiri

19:59 Mama Nasra: Turudi kwenye malengo. Napendekeza mwakani tuache jumla, tutumie namba ya Eddington. Mwanafalaki Mwingereza, Arthur Eddington, alikuwa mpanda baiskeli. Namba yako ni ile kubwa kuliko zote ambayo umepanda kilomita hizo au zaidi, kwa siku hizo hizo au zaidi. Siku 30 za kilomita 30 au zaidi: namba yako 30. Alipofariki 1944 yake ilikuwa 84, na yeye alihesabu kwa maili.

20:00 Baba Zuhura: Ina tofauti gani na jumla?

20:02 Mama Nasra: Chukua watu wawili wenye 3,000. Mmoja amekwenda 50 mara 60, namba yake 50. Mwingine 14 za kazini kila siku, namba yake 14, hata apande miaka 10. Na inauma kupanda: ukitoka 30 kwenda 31, zile siku zako za 30 kamili zote zinafutika, unahitaji siku 31 za 31.

20:04 Mzee Kombo: Basi hiyo inamtukana mtu wa kazini, anayepanda kila siku ya Mungu. Mimi nashika siku. Safari moja ya 150 inaficha wiki tatu za kulala, na jumla haikwambii. Siku 200 kwa mwaka, kila siku dakika 30 au zaidi, ndiyo lengo.

20:05 Mama Nasra: Mzee, na wa dakika 30 hatafika Bagamoyo.

20:05 Mzee Kombo: Atafika akiwa na magoti.

20:06 Baba Zuhura: 😄 Nitaweka safu zote mbili. Na wanaotaka kilomita 200 kwa siku moja?

20:09 Mama Nasra: Kipimo cha wenzetu wa safari ndefu ni saa 13 na nusu kwa kilomita 200, vituo vyote ndani. Inatoka 14.8 kwa saa. Siyo mwendo unaowaangusha watu, ni kukaa kwenye vituo. Njia: Morogoro Road hapana, malori. Nendeni Bagamoyo, mwingie barabara ya Msata hadi mita isome 100, geukeni.

20:10 Baba Zuhura: Mita iliyopimwa.

20:12 Mzee Kombo: Na nendeni Januari au Februari, kaskazi ikivuma. Mtapigwa usoni mkienda, mkirudi mmechoka inawasukuma. Watu wanakwenda Julai, kusi inawapeleka Bagamoyo wakidhani wameota misuli, halafu Mapinga hadi Bunju wanalia.

20:13 Da Neema: Jua la Februari lakini

20:16 Mama Nasra: Ndiyo maana mnatoka saa 10 usiku na taa. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kila saa, kabla ya kiu. Lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko hicho hicho kidogo cha chumvi. Hiyo ni gramu 25 za sukari, na mwili unataka 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kwa hiyo ongeza ndizi moja au tende nne kila saa kuanzia saa ya kwanza. Ukingoja njaa umeshachelewa.

20:17 Dulla: Nimerudi. Kigali Septemba, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli, wanaume walikwenda kilomita 267.5 siku moja, sisi 200 tunaogopa?

20:17 Mama Nasra: Wale wana gari la timu nyuma. Leta kipimo.

20:18 Dulla: Mizunguko mitatu sentimita 615.6. Tumepima mara mbili

20:20 Mama Nasra: 205.2, yaani 2052. Sasa 3,112 zidisha 2052, gawa 2136. Inatoka 2,989.6.

20:20 Fundi Side: 🙈

20:21 Mama Nasra: Na ile 128 ya Bagamoyo ni 123.

20:21 Dulla: Jamani mniandikie 2,990 basi

20:22 Baba Zuhura: Naandika 2,989.6. Umebakiza 10.4 na siku mbili.

20:23 Fundi Side: Weka 2052 leo hii kabla hujatoka, usije ukafika 10.4 za uongo

20:24 Dulla: Nimeshaweka. Kesho saa 12 asubuhi nani yupo?

20:25 Mzee Kombo: Mimi. Saa hiyo upepo bado umelala. Njoo na bomba lenye geji, langu limekufa.