Tupeane uzoefu: trekta dogo la kufyekea nyasi, HP ngapi inatosha?

MchungwaMtamu (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nina ekari 6 Muheza: minazi aliyoacha mzee, michungwa niliyoongeza mwenyewe, na uwanja wa nyumba. Masika yakikolea nyasi zinapita kiuno. Vijana wa mafyekeo wakifika mwisho wa shamba, kule walikoanzia kumeshaota tena. Nataka trekta dogo, mtumba wa Japani, la kuvuta slasha (mashine ya visu vya kufyekea inayofungwa nyuma) na trela la mbolea na nazi. Muuzaji mmoja ananiambia injini ya nguvu za farasi (HP) 15 inatosha, mwingine anasema chini ya 30 nisijaribu. Walio nayo, si waliosikia, leteni mambo.

Spana13
Mkuu, anza na slasha ndipo uje kwenye trekta. Sisi mafundi tunakadiria HP 5 za PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, kwa kila futi ya upana wa slasha. Slasha ya futi 4 inataka HP 20 pale kwenye shafti ya nyuma, na HP ya shafti siku zote ni pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye boneti. Kwa hiyo HP 15 na slasha ya futi 4 kwenye nyasi za kiuno, utakuwa unasimama kila hatua kusubiri injini ipumue. Huyo wa HP 30 naye anakuuzia chuma ambacho kitakuvunjia matawi ya michungwa.

Futi 4 ni kama mita 1.2. Ukitembea km 4 kwa saa, kwa hesabu tupu unapata ekari 1 na kidogo kwa saa. Toa kugeuka, kuzunguka mashina na kuokota makuti, unabaki chini ya ekari. Shamba lako ni kazi ya siku moja ndefu.

MbuziWatatu
Mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Ekari 6 tu, trekta la nini? Nunua mashine mbili za kufyekea za begani, zile za petroli, ajiri kijana mmoja makini, na chini ya minazi funga ng'ombe. Pwani tumelisha ng'ombe minazini tangu enzi. Trekta likilala miezi ya kiangazi, betri inakufa na panya wanakula nyaya.

MchungwaMtamu
Ng'ombe na michungwa michanga, mkuu? Watanimalizia miche. Lakini la betri nimelishika.

MamaParachichi
Kaka, shikamoo za nyanda za juu. Mie niko Njombe, parachichi ziko mteremkoni, na ninaendesha mwenyewe. Kwangu HP imekuja nafasi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Matrekta haya ya Kijapani utaona Yanmar nyingi zina herufi D mwisho wa namba, Kubota DT, hizo ndizo za magurudumu manne. Umande wa asubuhi ukiwa kwenye nyasi, lenye magurudumu mawili linateleza kama limepakwa sabuni.

Ya pili ni ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kukukinga likipinduka. Mengi ya zamani yanakuja bila huo. Nilikataa moja zuri sana, rangi inang'aa, kwa sababu hiyo tu, na dalali akanicheka mbele ya watu. Acha acheke. Tafuta upinde unaokunjwa, maana chini ya matawi utaulaza. Ukiwa umesimama, funga mkanda. Ukiulaza, usifunge, kwa sababu likibiringika bila upinde mkanda unakushikilia chini ya chuma. Na mteremkoni fyeka kwa kupanda na kushuka, usikate kwa ubavu.

Spana13
Hapo mama umemaliza. Niongeze la PTO, kwa sababu hili limetisha wengi. Matrekta mengi ya zamani madogo, ukikanyaga klachi, PTO na magurudumu vinaachia injini kwa pamoja, lakini vyenyewe bado vimeshikana. Visu vya slasha ni vizito na vinaendelea kuzunguka. Nguvu yake inarudi kupitia shafti hadi kwenye gia, na trekta linaendelea kusukumwa mbele huku umekanyaga klachi mpaka chini. Jirani yangu alisimamishwa na ukuta wa choo. Ukuta ulikuwa wa udongo, bahati yake.

Dawa ipo: kuna kiungio cha kuvalisha kwenye shafti kinachoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu. Slasha inazunguka hadi inachoka yenyewe, trekta linasimama. Si ghali ukilinganisha na choo.

Jingine: mengi ya matrekta haya yana gia mbili au tatu za PTO, na slasha za kawaida zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Dereva akiona gia ya juu inakata vizuri zaidi, mkataze. Kisu kikichomoka hapo hakichagui mtu.

MwalimuWaNakuru
Huku kwetu trekta dogo tulinunulia shule, kwa ajili ya uwanja wa mpira na vichaka vya nyuma ya mabweni. Niwaambie ukweli, slasha haitengenezi uwanja. Inaacha nyasi kama kichwa kilichonyolewa gizani. Kwa uwanja tulitafuta ile mashine ya visu vitatu vinavyozungushwa na belti, yenye vigurudumu pembeni, na ndiyo inayotoa nyasi fupi sawasawa. Hiyo nayo ukiipeleka kwenye vichaka, belti zinaisha. Tena matairi ya mpunga, yale ya meno marefu, yalichimba goli zima wakati wa mvua. Kama uwanja wa nyumbani ni muhimu kwa mama watoto, angalia matairi mapema.

KakaWaOhio
Salamu kutoka Marekani, wakuu. Huku yanaitwa matrekta madogo kabisa, aina ya Kubota BX au John Deere 1025R, na ukiangalia utakuta mengi yameishia HP 24 na ushee. Sababu ni sheria ya moshi: kuanzia HP 25 masharti ya injini za dizeli yanakuwa makali, na mengi yanalazimika kufungwa chujio la masizi kwenye ekzosi. Watu wengi hawaitaki hiyo gharama. Langu halina gia za kubadilisha, unakanyaga pedali tu linakwenda mbele au nyuma, na kwa kuzunguka miti sijaona kitu kitamu kama hicho. Ila kwa Muheza sikushauri. Mfumo ule unataka oili safi ya aina yake na filta zake, na ukiharibika si wa fundi wa chini ya mwembe.

Ukipata lenye koleo la mbele, weka uzito nyuma kabla ya kubeba. Nimeona magurudumu ya nyuma yakining'inia kwa sababu ya mchanga tu.

MchungwaMtamu
Nimeelewa. Naelekea kwenye HP 24 hivi, magurudumu manne, gia za kawaida, slasha ya futi 4, upinde wa kukunja. Jumamosi naenda yadi kuangalia. Niangalie nini?

Spana13
Fika injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Chomoa kijiti cha oili ya gia: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Nyanyua slasha, zima injini, nenda kanywe chai. Ukirudi imeshuka chini, haidroliki inavuja ndani. Saa za dashibodi usizijali sana, angalia pedali zilivyolika na matundu ya pini za nyuma yalivyopanuka.

Kwenye slasha, angalia bolti ya kukatika kwenye shafti. Kazi yake ni kukatika ukigonga kisiki. Ukikuta wameweka kipande cha nondo, gearboksi imeshapigwa, iache. Na uliza kama bei ni pamoja na shafti ya kuunganishia. Mara nyingi inauzwa kando, na lazima ikatwe kwa kipimo cha trekta lenyewe, kwa hiyo usilipie shafti ambayo hujaivalisha hapo hapo.