Nyuma ya kabini shaba ya dola 270,000, mbele mtoto anauza maji: kwa nini?

DerevaWaTunduma

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnielimishe, maana jambo hili linanikaa kichwani nikiwa barabarani na sina wa kumuuliza zaidi ya tandiboi wangu.

Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa kumi na moja sasa njia ya Dar hadi Kolwezi, Congo. Kwenda nabeba salfa ya migodini, kurudi nabeba mabamba ya shaba, tani 30 hivi kila safari. Juzi tulikaa foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Congo na Zambia, siku nne. Jamaa mmoja wa kliaringi akaniambia tani moja ya shaba sokoni inavuka dola 9,000. Nikapiga hesabu kwenye simu: nyuma ya kiti changu pana mzigo wa zaidi ya dola 270,000. Na malori yaliyonitangulia yamebeba hivyo hivyo, sioni mwisho wake. Saa nne usiku binti mdogo, umri wa mwanangu aliye darasa la tatu, akagonga mlango wa kabini kuniuzia maji ya kuoga kwenye kidumu. Amevaa kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu.

Nimeshindwa kulala. Geita nako, kwenye dhahabu yetu, nimefika, kwa shemeji yangu, na kuna vijiji vinavyolala giza huku vinasikia mlipuko wa mgodi.

Najua mtaniambia viongozi wezi, wazungu wezi. Sikatai. Lakini wezi wako hata nchi zisizo na madini. Na Botswana wana almasi, mbona hawakufika huku? Kitu gani hasa kinatokea katikati, pale mali inapotoka shimoni na kabla haijafika kwa yule mtoto?

Kijana_Mwanjelwa

Mkuu, usizunguke. Ni ufisadi. Mobutu alijenga uwanja wa ndege kijijini kwao Gbadolite, njia ndefu ya kutua Concorde, kwa shaba hiyo hiyo unayoibeba. Hapo unataka elimu gani tena?

Mzee wa Rwamagasa

Dereva, swali lako nimelibeba mwenyewe miaka mingi, nivumilie nikiwa mrefu. Nilianza kama mchimbaji wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, hapa Rwamagasa, Geita, nikasoma uhasibu kwa hela ya dhahabu, nikaajiriwa halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa hadi nikastaafu. Kwa hiyo nimehesabu mifuko mdomoni mwa shimo, na nimehesabu hundi mezani.

Kwenye duara mawe yakipanda hayaondoki. Yanafungwa kwenye mifuko na kupangwa pale pale, wote mnaona. Mwenye leseni anatoa yake, mwenye shamba yake, mwenye duara yake, sisi wachimbaji tunagawana iliyobaki. Kisha kila mtu aende karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, na mfuko wake, apate asipate ni riziki yake. Dhuluma ipo na imeniuma mwenyewe, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia: "Subiri kwanza nitoe dizeli, nitoe matimba, nitoe riba ya mkopo alionipa kaka yangu, kikibaki kitu tutagawana." Ukikubali mgao wa namna hiyo hata mpishi wa kambi atakuonea huruma.

Nchi yetu, Tanzania, iliukubali. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu, yaani fungu la serikali kwenye thamani ya madini yenyewe, asilimia 3, tena ikipigwa baada ya kuondoa gharama za kusafirisha na kuyeyusha. Ile kodi kubwa, asilimia 30, ni ya faida, kwa hiyo inasubiri faida ionekane. Na mwenye mgodi aliruhusiwa kukata gharama za mitambo kwanza, na hasara ya mwaka huu akaibeba mwaka ujao. Mkopo wa kujengea mgodi mara nyingi unatoka kampuni dada, na riba yake inaandikwa kwenye gharama. Huduma ikiuzwa na ndugu kwa ndugu, bei wanapangiana wenyewe. Kijana wa Mwanjelwa, hapa ndipo neno ufisadi linapotupoteza njia. Ukimtafuta mwizi utakuta karatasi zilizosainiwa mchana kweupe, na mihuri yote ipo.

Jaji Bomani na kamati yake ya serikali ya kupitia sekta ya madini walilipitia jambo hili mwaka 2008. Sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha hadi asilimia 4, na kubwa zaidi, ukaanza kuhesabiwa kwenye thamani yote kabla ya makato. Miaka kumi na miwili ilipita kabla ya kukihamisha kituo cha kuhesabia kutoka mezani kwenda mdomoni mwa shimo. Dhahabu nayo haikai chini kusubiri sheria. Mgodi wa Nzega ulimwaga dhahabu ya kwanza 1998, na kufikia 2015 ulikuwa umeshafungwa. Limebaki shimo lenye maji.

Niwape la kwangu mwenyewe. Mikataba ya zamani ya migodi iliipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, basi. Hundi hiyo ilipita mezani kwangu. Siku ya kuipokea kulikuwa na ngoma, viti vya plastiki, wageni kutoka mkoani. Nikiigawa kwa shule zetu za msingi, kila shule inapata bati na madawati machache. Mwaka 2001 wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300. Mwaka 2011 ilivuka 1,500. Hundi yangu ilikuwa ile ile. Nilikaa na kikokotoo usiku mmoja, mke wangu akaniuliza kwa nini nalia. Baadaye ushuru wa huduma ukarudi kwenye asilimia 0.3 ya mauzo, na ndipo halmashauri za migodi zikaanza kupumua.

Mwaka 2017 mnaukumbuka, makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wenye madini, yamezuiwa bandarini. Watu wengi walishika yale mabilioni ya dola yaliyotajwa kuwa kodi tunayodai. Mimi nilishika jambo lingine: kamati ya serikali ilisema mle ndani mna dhahabu mara nyingi zaidi ya ile iliyoandikwa na kampuni, kampuni ikakataa. Baada ya miaka mingi ya kusafirisha, wenye nyumba na mpangaji bado hawakubaliani mfuko una nini! Mwaka huo huo mrabaha ukawa asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi asilimia 1, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Ni hatua, na waliozipigania nawaheshimu. Ila hisa nayo hula pale faida inapotangazwa, kwa hiyo mhasibu mzuri wa serikali ana thamani kuliko hotuba kumi.

Botswana walipata nini? Waliwahi. Almasi ya Orapa ilionekana 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Eneo lile lilikuwa la Bangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe, na bado haki ya madini ikahamishiwa kwa taifa zima, wala hakuidai kwa ajili ya ukoo wake. Kisha mwaka 1975 wakarudi mezani wakapandisha hisa zao kwenye kampuni ya almasi kutoka asilimia 15 hadi 50. Sisemi wamefika. Almasi za kutengenezwa maabara zimewaumiza vibaya, na chama kilichotawala tangu uhuru kiliangushwa kwenye uchaguzi wa 2024. Lakini mifuko waliihesabu mapema.

Mama Kolwezi

Bwana dereva, salamu kutoka Kolwezi. Mzee, nimekusoma kwa heshima, lakini hesabu yako kwetu inakwama. Sisi mgodi ulikuwa wetu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 shaba ya Katanga, mkoa wetu wakati huo, ilikuwa mali ya serikali, mifuko yote ni yetu, hakuna wa kugawana naye. Na angalia tulipo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni ya serikali. Nilikua nikila posho: unga, samaki wa chumvi, mafuta, kila mwezi. Nilizaliwa hospitali ya kampuni, nikasoma shule ya kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye hazikufika hata 50,000. Baba alisema pesa inakwenda Kinshasa, lakini spea hazirudi. Walikuwa wanachomoa vyuma kwenye mashine moja ili nyingine itembee. Bei ya shaba ilishaanguka tangu 1975, na ilipokuwa juu nchi ilikopa kana kwamba haitashuka kamwe. Halafu kuanzia 1990 posho ikawa inachelewa, mshahara ukawa haupo, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao elfu kumi wakaondolewa, kwa jina la kuondoka kwa hiari. Baba akapewa fungu lake. Alinunua cherehani mbili na teksi. Teksi ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Kati ya cherehani zile, moja ninayo hapa, ndiyo inayosomesha wanangu.

Kuna jambo moja ukipita njia yetu ulitazame. Kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi kuna laini ya umeme ya kilomita kama 1,700, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulisha migodi ya shaba. Inapita juu ya vijiji nchi nzima. Umeme ule ni wa aina isiyochotwa njiani, kwa hiyo watu wanazaliwa na kuzeeka chini ya nyaya wakiwasha kibatari. Nikiulizwa kwa nini sisi ni maskini, naonyesha laini ile. Nchi ilipangwa ili shimo liwake.

Na 2014 hapa mjini, mtaa wa Kasulo, kobalti, madini ya betri, ilionekana chini ya nyumba za watu. Majirani wakachimba chumbani, sebuleni, chini ya kitanda. Sikuwalaumu. Walikuwa wanaihesabu mifuko yao mara ya kwanza.

DerevaWaTunduma

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mama umenigusa, laini hiyo nimekuwa nikiiona miaka yote. Mzee, sasa unamjibuje?

Mzee wa Rwamagasa

Marahaba. Mama amenisahihisha, na ninakubali. Kuhesabu mdomoni hakutoshi kama hakuna wa kuuliza mifuko ilikwenda wapi. Mimi nilipokuwa halmashauri, mfanyabiashara wa soko akilipa ushuru alikuwa anakuja dirishani kwangu kufoka: choo cha soko kimejaa, hela yetu iko wapi? Hakuna mtu aliyewahi kunifokea juu ya ile hundi ya mgodi. Haikutoka mfukoni mwake. Serikali inayoishi kwa shimo moja inazoea ukimya huo, inakuwa haimhitaji mkulima wala muuza nyanya. Kule Nigeria, kabla ya mafuta, mji wa Kano ulikuwa na milima ya magunia ya karanga iliyopangwa kama piramidi. Mafuta yalipoleta dola nyingi, naira ikawa na nguvu, chakula cha nje kikawa rahisi kuliko cha nyumbani, karanga zikakosa mtetezi. Piramidi zile leo ni picha tu.

Dereva, nikuulize na mimi. Wewe una karatasi za mzigo. Zinasemaje?

DerevaWaTunduma

Mzee, niliposoma swali lako nilikuwa Likasi nasubiri msafara. Nimefungua bahasha, nimesoma kila ukurasa na tandiboi akimulika tochi. Uzito upo, idadi ya mafungu ipo, namba za lakiri zipo, jina la anayepokea nje ya nchi lipo. Bei nimeitafuta, sikuiona.

Mzee wa Rwamagasa

Na huo uzito ulipimwa kwenye mzani wa nani?

DerevaWaTunduma

Wa mgodi, mzee. Nilikuwepo. Kulikuwa na mimi, mpimaji wao, na mlinzi.