Naomba ushauri: IPA yangu imeanza kutoa mapovu upya baada ya kutia hopsi. Je, niongeze Citra?

Mgeni wa Pipa (mleta mada)

Wakuu, salaam. Ninatengeneza bia nyumbani, ya aina ya IPA maradufu (bia kali yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ambayo nimekusudia iwe kali, ya rangi ya dhahabu, na yenye harufu nzito ya chungwa na balungi. Nilitumia kilo 5 za kimea cheupe (shayiri iliyooteshwa na kukaushwa) kupata lita 20, na kabla ya kutia hamira haidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo, kikishuka kadiri inavyochachuka) ilisoma 1.073. Uchachushaji ulikwenda vizuri kwenye nyuzijoto 19 mpaka ukatulia kwenye 1.016, kiwango ambacho kwa hesabu yangu kinanipa kilevi cha asilimia 7.5. Hapo ndipo nilipotia gramu 120 za hopsi aina ya Citra moja kwa moja ndani ya pipa, bila kuchemsha, ili nipate harufu.

Kinachonisumbua ni kwamba harufu ya machungwa imekuja dhaifu, nyuma yake kuna ladha inayofanana na siagi, na mapovu yaliyokuwa yamekoma yameanza tena kutoka. Je, niongeze gramu 100 nyingine za Citra, au nichanganye na hopsi ya aina nyingine? Naomba majibu ya haraka kwa kuwa kuna watu nimekwisha kuwaahidi bia hii.

Mpenda Balungi

Ndugu mleta mada, karibu sana katika ulimwengu wa hopsi. Citra ni hopsi nzuri, lakini ikiachwa peke yake huelemea upande mmoja. Mimi ningeichanganya na Simcoe, ambayo huleta harufu ya utomvu wa msonobari, au na Cascade, ambayo ndiyo iliyowazoesha Wamarekani harufu ya balungi tangu ilipotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Wala usiogope wingi. Vinnie Cilurzo alipotengeneza IPA maradufu katika kiwanda cha Blind Pig huko California mwaka 1994, alizidisha hopsi kwa sababu alihofia kwamba vyombo vyake vikuukuu vingeacha ladha mbaya ndani ya bia, na hofu hiyo ikazaa mtindo mzima. Uchungu nao usikutishe, kwani asidi za alfa, ambazo ndizo chanzo cha uchungu wa hopsi, zinahitaji kuchemshwa kwa muda mrefu ili zigeuke umbo na kuyeyuka vizuri, na wewe hatua hiyo umeshaipita.

Binafsi, bia iliyonifundisha mapenzi ya hopsi ilikuwa ya Amarillo tupu, na mpaka leo sijapata nyingine yenye ganda la chungwa la namna ile. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Povu Jingi

Kama siagi imeshapatikana, mkuu, kilichobaki ni mkate.

Kipimajoto

Kabla hatujafika kwenye majina ya hopsi, naomba mleta mada atujibu mambo mawili. Ile 1.016 uliisoma mara moja au uliirudia siku zilizofuata ikabaki palepale? Na baada ya kutia Citra, umepima tena? Mapovu peke yake si ushahidi, maana joto likipanda kidogo gesi iliyoyeyuka hutoka yenyewe hata kama hamira imelala. Mapovu yakiandamana na ladha ya siagi, hata hivyo, hayo ni mazungumzo mengine kabisa.

Mgeni wa Pipa

Mkuu Kipimajoto, 1.016 niliisoma mara moja, na kwa kuwa pipa lilikuwa kimya sikuona haja ya kurudia. Nimepima jana nikapata 1.014, na leo asubuhi 1.013. Naona ni jambo la heri, kwa sababu kilevi kinaongezeka bila mimi kufanya lolote. Narudi kwenye swali langu: kwa lita hizi kumi, gramu 100 zinatosha au nipunguze?

Bi. Kimea

Mwanangu, nimesoma ujumbe wako wa kwanza mara mbili ili nisikuonee. Ulisema lita 20. Sasa unasema lita kumi. Lita kumi nyingine ziko wapi?

Kilevi Kidogo

Mimi nabaki nikishangaa kwa nini mtu anayeanza akimbilie asilimia 7.5. Bia kali huichosha hamira, huficha makosa ya mtengenezaji, na huwafanya wanywaji wasahau kunusa. Ingekuwa busara kutengeneza kwanza bia ya asilimia 4 au 5 iliyo safi, kisha mtu akapanda ngazi kwa adabu. Vijana wa siku hizi hawataki kupitia hatua.

Mgeni wa Pipa

Kilevi Kidogo, nashukuru kwa mawaidha, ingawa sikuuliza niache au niendelee.

Bi. Kimea, shikamoo. Lita kumi nyingine nilizitia chupani. Sikulitaja jambo hilo kwa sababu swali langu linahusu zilizobaki kwenye pipa. Nilikuwa na chupa za kutosha nusu tu, kwa hiyo siku ya tatu baada ya kutia Citra nilichota nusu ya juu, ambayo ilikuwa imeanza kuwa safi, nikaitilia sukari gramu 7 kwa kila lita ili ipate gesi, nikafunga vizibo. Chupa hizo ziko chumbani mahali penye joto, kama maelekezo yanavyotaka. Zile ndizo za watu niliowaahidi, na maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo naomba tujadili yale yanayoweza kurekebishwa.

Bi. Kimea

Marahaba. Yanayoweza kurekebishwa ni hayo hayo ya chupani, na ndiyo ya kuanza nayo.

Hopsi mbichi, yaani zile ambazo hazikuchemshwa, zina vimeng'enya. Kimea chako kilipochachuka, zilibaki sukari ndefu ambazo hamira haiwezi kuzila, na ndizo zilizoiweka haidromita kwenye 1.016. Vimeng'enya vya hopsi huzikata sukari hizo vipandevipande, hamira inaamka, na bia iliyodhaniwa kuwa imekwisha inaanza kuchachuka upya. Si jambo jipya, kwani Brown na Morris waliliandika huko Uingereza mwaka 1893, likaja kukumbukwa tena bia zenye hopsi nyingi ziliposhika kasi. Ile siagi unayoisikia ni diasetili, ambayo hamira huiacha njiani inapofanya kazi na kuifyonza tena baadaye, ikipewa muda na joto.

Sasa piga hesabu nami. Kila pointi moja ya haidromita (yaani 0.001) ikishuka ndani ya chupa iliyofungwa, huongeza takriban nusu ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Sukari uliyotia, pamoja na gesi iliyokuwa imeyeyuka tayari, inakufikisha kwenye ujazo wa 2.5 hivi, ambao ni wa kawaida. Pipa lako limekwisha kushuka pointi tatu, na sehemu ya kushuka huko inatokea pia chupani, pahali ambapo gesi haina pa kwenda. Ujazo ukikaribia 4, chupa ya kawaida ya bia haikuahidi kuvumilia.

Pipa Kuukuu

Naunga mkono hoja ya Bi. Kimea, na yaliyonikuta mimi yanatosha. Nilikuwa na chupa za bia ya hopsi ya Mosaic ndani ya kabati, nikazifunga kwa kuwa pipa lilikuwa kimya, sawasawa na mleta mada. Usiku mmoja ilipasuka moja, ikaziamsha jirani zake. Mlango wa kabati ndio ulioniokoa, kwa sababu vipande vya kioo vilikuwa vimezama kwenye mbao. Tangu hapo sitii bia chupani bila kipimo kilekile kurudi siku tatu mfululizo, hata kama mgeni amekaa mlangoni akisubiri.

Mgeni wa Pipa

Chupa zangu ni nene, na nimezitazama leo zote ni nzima. Vilevile, nikizifungua oksijeni itaingia, na kila mahali nimesoma kwamba oksijeni huua harufu ya hopsi na kuifanya bia iwe ya kahawia. Nadhani ni afadhali nisiziguse mpaka siku ya kuzigawa.

Mpima Maneno

Samahani wakuu, lakini mimi naona tunanyweshwa chai hapa. Turudi kwenye ujumbe wa kwanza: kilo 5 za kimea, lita 20, kipimo 1.073. Kilo moja ya kimea cheupe, hata ingetoa kila tone la sukari iliyonayo, ingeipa lita moja ya maji pointi 300 hivi. Zidisha kwa kilo 5, gawanya kwa lita 20, unapata 75, na hakuna mtu nyumbani anayekamua kimea kwa ukamilifu huo. Mtengenezaji mwenye bidii hupata asilimia 70 na ushee, kwa hiyo bia ya mleta mada ilipaswa kuanzia karibu na 1.054. Ongeza pipa lililonyamaza kwa wakati mwafaka, lita kumi zilizopotea na kupatikana, na chupa zinazotishia kulipuka usiku. Ama bia hii haipo, ama aliyeiandika hajawahi kushika haidromita.

Povu Jingi

Basi turudishieni siagi yetu.

Mpenda Balungi

Mimi nilishamwandikia aya nzima kuhusu Cascade. Kama ni uongo, nitaumia.

Mgeni wa Pipa

Mpima Maneno, sina sababu ya kuja hapa kudanganya watu wazima kuhusu ndoo ya bia. Hesabu yako ni sahihi kwa kimea, lakini nilitia pia kilo moja ya sukari nyeupe dakika za mwisho za kuchemsha. Sikuiandika kwa kuwa nilijua mtaanza kunihubiria kwamba bia ya kweli haitiwi sukari.

Mpima Maneno

Kilo moja ya sukari katika lita 20 ni pointi 19. 54 na 19 ni 73. Hesabu imekaa sawa, nami naondoa neno langu kuhusu bia. Kuhusu tabia yako ya kutoa maelezo kwa kijiko, nalibakiza.

Bi. Kimea

Wala hakuna wa kukuhubiria. Sukari katika IPA maradufu ni jambo la kawaida, kwa sababu huchachuka yote na kuifanya bia kali iwe nyepesi mdomoni, ili hopsi zisikike badala ya utamu. Ungeitaja mapema tungeokoa nusu ya uzi huu.

Hoja yako ya oksijeni ina ukweli, lakini si kwa hali hii. Chupa yenye gesi nyingi ikifunguliwa kidogo, gesi hutoka kwa nguvu na kuisukuma hewa nje. Kinachoingia ni kidogo mno. Na unene wa chupa haujakwambia lolote, kwa kuwa chupa hubaki nzima mpaka dakika inayopasuka. Fanya hivi leo, si kesho. Vaa glavu nene na miwani ya kukinga macho, funika chupa kwa taulo zito, uzihamishe taratibu bila kuzitikisa, na uziweke zote kwenye jokofu. Baridi huifanya gesi iyeyuke zaidi ndani ya bia, shinikizo likapungua, na hamira ikalala. Ziache usiku kucha. Kesho fungua moja juu ya sinki, ikiwa imefunikwa, kisha utupe habari.

Pipa usilitie hopsi yoyote kwa sasa, kwani hopsi mpya ni vimeng'enya vipya. Liache kwenye nyuzijoto 20 mpaka kipimo kisimame na siagi iondoke. Ukitaka uhakika, chota bia kidogo, uifunike, uipashe kwenye maji ya nyuzijoto 60 kwa dakika ishirini, uipoze na kuinusa. Harufu ya siagi ikijitokeza, hamira haijamaliza kazi.

Kipimajoto

Naongeza kwamba harufu dhaifu ya machungwa huenda ni siagi inayoifunika tu. Diasetili ikiondoka, unaweza kukuta Citra ilikuwapo muda wote. Ukitaka kuongeza baada ya hapo, poza pipa kwanza hadi karibu nyuzijoto 10, tia kiasi kidogo kwa siku mbili tatu, kisha upime tena kabla ya kufunga.

Kilevi Kidogo

Na mimi nilisema aanze na bia ya asilimia 4.

Mgeni wa Pipa

Wakuu, nimerudi. Chupa zililala kwenye jokofu. Niliyoifungua ilipanda yote juu kama maji ya kufulia, nusu ikaishia kwenye taulo. Bia iliyobaki imepima 1.012.

Mpima Maneno

Uliipima ikiwa na gesi? Viputo huishika haidromita na kuinyanyua, kipimo kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Mgeni wa Pipa

Niliimimina kutoka bilauri hadi bilauri mpaka ikatulia, ndipo nikapima. Nimezilegeza vizibo zote moja moja, nikasubiri povu lishuke, nikafunga kwa vizibo vipya na kuzirudisha kwenye baridi. Nitarudia kesho. Nitawapelekea wenzangu zikiwa baridi na kuwaambia wasizitoe kwenye jokofu mpaka wakati wa kunywa, maana ahadi siwezi kuivunja.

Bi. Kimea

Wapelekee za pipa, zikishatulia. Hizo za chupa kunywa wewe hapo hapo nyumbani, zikiwa baridi, wala usizisafirishe.

Mgeni wa Pipa

Pipa leo limesoma 1.012. Nitalipima tena kesho na keshokutwa. Mpenda Balungi, ile Cascade ulisema gramu ngapi kwa lita kumi?