Krismasi mmeigeuza maonyesho, na mimi nimechoka

Wakuu, heri ya sikukuu kwa wanaostahili. Wengine nina ugomvi nanyi.

Juzi asubuhi, tarehe 25, mtoto wa dada yangu wa miaka 6 kafungua zawadi yake. Karuka, kapiga kelele, kacheka mpaka kwikwi. Mama yake: "Subiri kwanza, simu haikurekodi!" Zawadi ikafungwa upya, gundi ikabandikwa palepale karatasi ilipochanika, mtoto akaambiwa afungue tena na ashangae kama mwanzo. Mara ya pili hakushangaa vizuri. Ya tatu akalia. Video mliyoipa mioyo kibao ni ya mara ya nne.

Hivi tumefikaje hapa?

Sisi utamu wetu ulikuwa kusubiri. Majilio, kipindi cha kanisa cha kuisubiri Krismasi, ni Jumapili 4, na kila Jumapili mshumaa mmoja. Ukiona wa nne umewashwa, usingizi unakuhama. Kwenye pango lililokuwa sebuleni, lile la sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, hori lilikaa tupu mpaka usiku wa tarehe 24. Ukichungulia unakuta nyasi tu. Mwaka mmoja mimi na kaka tulimsaka Mtoto Yesu nyumba nzima, tukamkuta kabatini kwenye soksi ya baba. Tukamrudisha kimya kimya, tena tukiwa na aibu, kama tumeiba mtihani.

Siku hizi? Mapambo yanatoka Oktoba, nyimbo zinapigwa hadi zinakera, siku yenyewe ikifika watu hoi. Halafu tarehe 26 mti tayari umeng'olewa! Jamani, kwa kalenda ya kanisa ndiyo kwanza tunaanza, mpaka Epifania, sikukuu ya Mamajusi, Januari 6. Mnawahi wapi?

Na salamu zenu. Zamani mama alitundika kadi kwenye uzi ukutani, na ulijua ya bibi kwa mwandiko uliopanda mlima kila mstari. Mwaka huu nimetumiwa picha ileile ya mishumaa mara 11. Moja ina jina la familia nisiyoijua kwa chini. Hata kulifuta mmeshindwa?

Sisemi utoto wetu ulikuwa pepo. Kwenye igizo nilitaka umalaika, nikapewa ukondoo miaka 3 mfululizo, na mpaka leo roho inaniuma. Lakini hakuna aliyenirudisha nyuma nikalie tena "mee" kwa sababu kamera ilichelewa.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitaka nyasi, ng'ombe na punda. Watu wakaja usiku na mienge, wakasimama, wakatazama. Basi!

Nilipomwambia dada haya yote akasema nina gubu. Eti mwakani nimeshapangiwa kazi, nitashika taa ya kurekodia. Siendi.