Jan Hus: mzushi kweli, au walimmaliza kisiasa?

Mdadisi: Wakuu habari za jioni. Yule padre wa Prague kule Ucheki, Jan Hus, aliyehukumiwa na mkutano mkuu wa Kanisa kule Konstanz, Ujerumani, akachomwa moto tarehe 6 Julai 1415, alikuwa mzushi kweli, yaani mpotosha imani, au kosa lake ni kupigia kelele uuzaji wa rehema (msamaha wa adhabu za dhambi kwa pesa) mwaka 1412? Maana mfalme Sigismund alimpa hati ya usalama, jamaa kaenda kujieleza kwenye mkutano huo, wakamfunga. Mimi hapo nashindwa kabisa.

Kalisi: Mzushi. Alifundisha Kanisa ni wale tu ambao Mungu aliwateua tangu mwanzo, na kwamba papa akiwa kwenye dhambi ya mauti si papa wa kweli mbele za Mungu. Sasa nani anaujua moyo wa mwenzake? Kumchoma lilikuwa kosa kubwa, Papa Yohane Paulo II mwaka 1999 alisema anasikitika sana kwa kifo kile cha kikatili na mimi niko naye, ila uzushi ni uzushi. Nyie Walutheri mnampendea kikombe tu, ile habari ya waumini wote kunywa divai ya komunyo badala ya padre peke yake.

Mama Neema: Kikombe TU?? Hiyo "tu" imenichoma jamani. Yesu alisema nyweni nyote. Bibi yangu mikono inatetemeka, siku ya Chakula cha Bwana anakishika kikombe kwa mikono miwili na mchungaji anaishikilia mikono yake kwa juu mpaka amalize, hapo kanisa zima kimya. Halafu mtu anakuja anasema tu.

Mkatekista Mstaafu: Taratibu mwanangu. Kwetu Kristo yuko mzima katika hostia, ule mkate wa komunyo, mwili na damu, anayeipokea hajapunjwa hata tone. Na tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuna nafasi waumini wanapewa na kikombe. Ila tusimbebeshe Hus yasiyo yake, aliyeanzisha habari ya kikombe pale Prague ni mwenzake Jakoubek mwaka 1414, Hus aliunga mkono kwa barua akiwa ameshafungwa.

Msomaji: Kuna kitu mnakiruka nyote. Yohane XXIII, mmoja wa wale watatu waliokuwa wanagombea upapa, ndiye aliyeitisha huo mkutano, akatoroka Machi 1415, Mei wakamvua upapa. Gregori XII, mwingine kati ya hao watatu, akajiuzulu tarehe 4 Julai, SIKU MBILI kabla Hus hajachomwa. Yaani watu waliomvua papa kwa ubaya wake ndio hao hao wanamchoma padre aliyesema papa mwovu si papa wa kweli. Kalisi, hilo unalijibuje?

Mama Neema: Mzee shikamoo, umenijibu kwa heshima nimepokea. Ila la kupunjwa hapana. Dada yangu aliolewa na Mkatoliki, siku ya harusi nikajipanga na wenzangu kupokea komunyo, padre kunifikia akauliza we ni wa kanisa gani, nikasema ukweli, akanipita. Nikarudi kwenye benchi wakwe wote wananitazama. Sijasahau mpaka leo.

Kalisi: Pole kwa hilo, lakini utaratibu ulikuwa unaujua. Na kikombe Wacheki, watu wa kwao Hus, si walikuja kupewa? Baada ya miaka ya vita, 1436 wakakubaliana.

Mama Neema: Nilikuwa siujui! Ningeujua ningesimama nipitwe mbele ya ukoo mzima?

Msomaji: Kalisi bado hujanijibu. Walimvika kofia ya karatasi imechorwa mashetani, wakamchoma, na majivu wakayamwaga mto Rhine asibaki hata udongo wa kuzikwa. Yohane wao waliyemvua wakamfunga tu, baadaye akaachiwa, akafa kardinali.

Mkatekista Mstaafu: Marahaba mwanangu Neema. Padre yule angeweza kukuwekea mkono kichwani akakubariki, mbona tunafanya hivyo kwa watoto ambao hawajapata komunyo. Hakupaswa kukupita hivi hivi.